Njiti yuko wodini: ukamue kwa mkono au kwa pampu, ulishe kwa kikombe au chupa, ulale pale au urudi nyumbani?

Mtoto akizaliwa na kilo moja na nusu au pungufu, mara nyingi hapewi mama yake amnyonyeshe palepale. Anapelekwa wodi ya watoto wachanga, anawekwa kwenye mashine ya joto, anapitishiwa mpira mwembamba puani au mdomoni. Mama anabaki kitandani kwake na maziwa ambayo hajui atayafanyia nini. Wapo waliojifungulia hospitali za hapa Mwanza, Bugando au Sekou Toure, na wapo walioletwa kwa rufaa kutoka Magu, Misungwi, Sengerema au visiwani Ukerewe, wengine wakiwa na khanga mbili na simu yenye chaji kidogo. Kabla hata usingizi wa dawa haujaisha, maneno yanaanza. Shemeji anataka kununua pampu. Mama mkwe anauliza maziwa ya kopo yanauzwa wapi. Jirani wa kitanda anasema chupa ni nyepesi kuliko kikombe. Mume anapiga simu kuuliza kama kuna haja ya kulala hospitali ilhali mtoto yuko mikononi mwa manesi.

Ulinganisho huu ni wa huyo mama na wa hao wanaomzunguka. Nimekaa na kina mama wa njiti kiasi cha kuwa na upande, na upande wangu ni huu: penye njia mbili, nachagua ile inayomweka mama karibu zaidi na mwanawe, hata kama inaonekana ya kizamani. Mama aliye karibu maziwa yake hutoka vizuri zaidi, na njiti aliye kifuani ana nafasi kubwa zaidi ya kuishi. Hali ya mtoto wako wanaijua daktari na wauguzi wake, kwa hiyo haya yatumie kuwauliza maswali, usiyatumie kuwapinga.

Maziwa yako, ya kopo, au ya mama mwingine

Hapa sina la kuzunguka. Maziwa yako ni ya kwanza, na yanayofuata yako mbali nyuma. Kwa mtoto aliyezaliwa akiwa ametimiza miezi tisa ya ujauzito, kopo ni hasara. Kwa njiti, kopo ni hatari ya aina nyingine kabisa. Utumbo wake haujakomaa, na kuna ugonjwa unaowapata watoto hawa ambapo sehemu ya utumbo huvimba, huharibika, na wakati mwingine hutoboka. Njiti wanaolishwa maziwa ya kopo huupata ugonjwa huo karibu mara mbili ya wale wanaopewa maziwa ya mama aliyechangia. Tena mwili wa aliyejifungua mapema una hekima yake: maziwa yake ya wiki za mwanzo huwa na protini na kinga nyingi kuliko ya aliyejifungua kwa wakati. Ile dang'a ya njano, nzito, inayotoka kwa matone, ndiyo dawa ya kwanza ya mwanao. Isimwagwe kwa kuambiwa ni chafu.

Shirika la Afya Duniani linapanga hivi: maziwa ya mama mwenyewe, yakikosekana maziwa yaliyochangiwa na mama mwingine na kupitishwa kwenye moto wa kuua vijidudu, na mwisho kabisa ya kopo yaliyotengenezwa kwa ajili ya njiti. Nairobi, katika hospitali ya Pumwani, kuna benki ya maziwa iliyofunguliwa mwaka 2019. Kumpa mtoto maziwa ya shangazi au jirani moja kwa moja ni jambo jingine, kwa sababu maziwa yanaweza kupitisha VVU na maambukizi mengine. Kama familia inalifikiria hilo, lipelekwe kwa daktari kwanza. Na kwa Waislamu kuna la ziada la kuzungumza mapema: watoto walionyonya ziwa moja wanakuwa ndugu, na undugu huo unazuia ndoa.

Wewe unayeishi na VVU, usikimbilie kopo kwa hofu. Ukiwa kwenye dawa na unazimeza inavyotakiwa, utaratibu wa nchi yetu unakuruhusu kunyonyesha, na mtoto anapewa dawa yake ya kinga. Kinachoshauriwa ni maziwa yako pekee, si kuchanganya, leo ziwa kesho kopo. Waambie wauguzi hali yako mapema, kimyakimya ukitaka, ili dawa ya mtoto isichelewe.

Maziwa ya ng'ombe, maji ya sukari, asali, maji ya mitishamba: hapana kwa yote.

Mkono au pampu

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea na machozi mengi humwagika, kwa hiyo nitakaa.

Siku mbili tatu za mwanzo, kwangu mimi mkono unaishinda pampu. Dang'a ni nzito na kidogo. Ukiivuta kwa pampu, sehemu yake inabaki imeganda kwenye kuta za plastiki. Kwa mkono kila tone linaingia kwenye kikombe kidogo au linanyonywa na bomba la sindano lisilo na sindano. Anza mapema: ndani ya saa moja ukiweza, na ukishindwa zisipite saa sita. Aliyepasuliwa naye anaweza. Hahitaji kuinuka. Anahitaji mtu wa kumshikia kikombe, na mtu wa kukikimbiza kikombe hicho wodini kwa mtoto. Kusubiri hadi uweze kutembea kunakupotezea saa zile ambazo titi linaambiwa litengeneze maziwa kwa ajili ya nani.

Usitishwe na uchache. Nimewasikia kina mama wakisema, "Sista, mbona ni matone tu?" na sista akajibu, "Mama, hayo matone ndiyo ninayoyataka." Piga hesabu uone. Kwa kipimo kinachotumika sana cha mililita 60 kwa kila kilo siku ya kwanza, mtoto wa kilo moja na nusu anahitaji mililita 90 kwa saa 24 nzima. Akilishwa kila baada ya saa mbili, ni mililita saba na nusu, yaani kijiko kimoja na nusu cha chai. Wadogo zaidi ya hapo huanzishiwa pungufu. Hata yakiwa machache kuliko hayo, wauguzi wanaweza kumpaka mtoto matone ndani ya mashavu, na kinga ikaanza kazi hapo.

Namna ya kukamua ni hii. Nawa mikono kwa sabuni hadi kwenye viwiko. Kaa umeinama kidogo mbele, kikombe cha mdomo mpana kilichochemshwa kikiwa chini ya titi. Likande taratibu. Weka kidole gumba juu na vidole vingine chini, kama sentimita tatu nyuma ya chuchu. Sukuma kwanza kuelekea kifuani, kisha kandamiza vidole vikutane kwa ndani, achia, rudia. Usiburuze vidole juu ya ngozi na usivute chuchu, maana chuchu haina maziwa, maziwa yako nyuma yake. Zungusha mkono ili kila upande wa titi upate zamu. Yakipungua kasi hamia titi la pili, kisha rudi. Dakika 20 hadi 30 zinatosha. Likiuma, umekosea pahali. Muite muuguzi akuweke mkono sawa, hiyo ni kazi yake na wengi wanaifanya kwa upendo.

Pampu nayo ina wakati wake. Maziwa yakishashuka kwa wingi, kuanzia siku ya pili hadi ya tano (kwa aliyejifungua mapema huweza kuchelewa kidogo), pampu nzuri ya umeme inayovuta matiti yote mawili kwa pamoja inaokoa muda na mikono. Mama wa mapacha ataishukuru. Mama ambaye mtoto wake atakaa wodini wiki nyingi ataishukuru. Lakini hesabu yake iwekwe mezani. Kila kipande kinachogusa maziwa kioshwe kwa sabuni na kuchemshwa, na kuchemsha kunataka sufuria, moto na maji safi, vitu ambavyo kwenye wodi yenye kina mama wengi haviko mkononi kila saa. Umeme ukikatika, pampu ya umeme ni plastiki tu. Kikombe cha kuvutia kisipolingana na titi lako kitakuchubua. Na kama mashine ni ya kushirikiana, kila mama awe na vipande vyake.

Kuna pampu moja naiondoa kabisa kwenye ulinganisho: ile ya bei ndogo yenye mpira wa kubinya kama honi ya baiskeli. Maziwa yanaingia ndani ya mpira, mpira hausafishiki, na vijidudu vinazaana humo. Kwa njiti usiinunue, na ukipewa zawadi, pokea kwa shukrani na uiweke kando. Ya mkono yenye mpini wa kubana, inayofunguka vipande vyote, hiyo inafaa.

Ni ipi inatoa maziwa mengi zaidi? Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa na Cochrane mwaka 2016 hayakupata mshindi mmoja. Yaliona kwamba mambo yasiyo na gharama, kama kuanza mapema, kukanda titi, kulipasha joto na kumtuliza mama, yanaweza kufanya kazi sawa na vifaa vya bei kubwa. Mimi naongeza hili: idadi ya mara ina nguvu kuliko chombo. Mara nane hadi 12 kwa saa 24, na angalau mara moja usiku wa manane, wakati homoni ya kutengeneza maziwa iko juu. Anayekamua kwa mkono mara nane atampita anayevuta kwa pampu ya gharama mara nne. Kwa hiyo ushauri wangu: mkono kwa kila mama siku za mwanzo, pampu baadaye kama una mapacha, kama safari ni ndefu, au kama unakaribia kurudi kazini, na uwe na pa kuchemshia. Hata ukiwa na pampu, malizia kwa mkono. Maziwa ya mwisho ndiyo yenye mafuta mengi, na mtoto wa gramu chache anayahitaji hayo.

Halafu kamua ukiwa umekaa pembeni ya mtoto, au mara tu baada ya kumtoa kifuani. Sijaona pampu inayoshinda hilo. Mama anayemtazama mwanawe, anayenusa nywele zake, maziwa yanamshuka. Mama aliyejifungia kona na hofu zake yanamkatalia. Bibi anayekuja na uji wa ulezi au mchuzi wa sato anafanya jambo jema, kwa kuwa mama anahitaji kula na kunywa, lakini hakuna chakula kinachochukua nafasi ya kulikamua titi mara kwa mara.

Mpira, kikombe, au chupa

Mpira wa kulishia hauchagui mama, unachagua umri wa mtoto. Kunyonya, kumeza na kupumua kwa mpangilio bila kupaliwa ni kazi ambayo watoto wengi huimudu kati ya wiki ya 32 na ya 34 ya ujauzito. Kabla ya hapo mpira ni rafiki. Chako cha kuchagua ni kama utausimamia au utauacha kwa nesi. Simamia. Omba ufundishwe kushika bomba la sindano juu kidogo, maziwa yateremke yenyewe taratibu bila kusukumwa, mtoto akiwa kifuani kwako. Na wodi ikikubali, mlaze kwenye titi ulilokwisha kulikamua wakati maziwa yanapita kwenye mpira. Atalilamba, atavuta kidogo, atajifunza kwamba kushiba na mama ni kitu kimoja.

Akianza kutoka kwenye mpira ndipo ubishi wa kikombe na chupa unaanza. Chupa ina mvuto: mtoto anatulia, maziwa hayamwagiki, na bibi yeyote anajua kuitumia. Ubaya wake ni kwamba chuchu ya plastiki na shingo ya chupa ni ngumu kusafisha sawasawa, maziwa yanaweza kutiririka kwa kasi kuliko mtoto anavyoweza kupumua, na akizoea kinachotiririka bila jasho, ziwa linalohitaji kazi analisusia.

Kikombe kidogo kinaosheka kwa sabuni na maji yaliyochemshwa, huoni kona isiyofikika. Mtoto anaongoza mwendo mwenyewe: unamkalisha wima akiwa amefungwa khanga, unagusisha ukingo wa kikombe kwenye mdomo wa chini, maziwa yafike tu kwenye mdomo wa juu, na yeye anayachukua kwa ulimi kama paka. Usimmiminie. Ubaya wake ni muda, na kumwagika: kilichoingia kwenye kitambaa hakikuingia tumboni, na muuguzi lazima ajue. Zipo tafiti zilizoonyesha watoto wa kikombe wakikaa hospitali muda mrefu zaidi, lakini walioruhusiwa wakipata maziwa ya mama pekee wakawa wengi zaidi. Nikiweka hayo kwenye mizani, na nikikumbuka maji tunayotumia majumbani, ya bomba kwa wengine na ya ziwani kwa wengine, nachagua kikombe. Kijiko kinafaa pia kwa mtoto anayechukua kidogo sana, ila kinachosha mkono na watu wanaishia kuacha kabla mtoto hajashiba.

Akibadilika rangi mdomoni, akisahau kupumua au akilegea ghafla wakati wa kulishwa, acha hapohapo na ita.

Mashine ya joto au kifua

Swali hili zamani lilikuwa na jibu la hospitali: mashine kwanza, kifua baadaye mtoto akitulia. Kangaruu yenyewe, yaani kumbeba mtoto kifuani ngozi kwa ngozi, ilianzia Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, kwa sababu mashine hazikutosha na watoto walikuwa wakiambukizana. Kwa miaka mingi ikachukuliwa kuwa huduma ya wasio na mashine. Jibu limebadilika, na nchi yetu ilikuwa miongoni mwa zilizolibadilisha. Mwaka 2021 yalitoka matokeo ya utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliofanywa katika hospitali za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, kwa watoto 3,211 waliozaliwa na uzito kati ya gramu 1,000 na 1,799. Kundi moja liliwekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, bila kusubiri mtoto atulie. La pili lilipata huduma ya kawaida kwanza na kangaruu baadaye. Kufikia siku ya 28, waliofariki katika kundi la kwanza walikuwa asilimia 12.0, na katika la pili asilimia 15.7. Utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake kwa sababu faida ilikuwa imeonekana wazi. Mwaka uliofuata shirika hilo likapendekeza kangaruu ianze mapema iwezekanavyo, kwa saa 8 hadi 24 kwa siku.

Saa nane. Watu wengi wakisikia kangaruu wanawaza nusu saa ya kupiga picha. Saa nane ni zamu nzima ya kazi, ndiyo maana wodi inayotaka kangaruu ya kweli inahitaji vitanda vya kina mama karibu na watoto, na ndiyo maana mama mmoja peke yake hatoshi. Baba anaweza kumbeba. Bibi anaweza. Ngozi ya baba ina joto lilelile, na mwanamume aliyelaza njiti kifuani kwake haulizi tena kwa nini hospitali inachukua muda.

Mashine haijatupwa. Mtoto anayehangaika kupumua, anayehitaji mwanga wa kutibu umanjano au vipimo vya karibu, ana saa zake za mashine, na anayesema akae humo ni daktari. Ila swali la kuuliza kila asubuhi ni: "Daktari, leo anaweza kutoka kwa muda gani?" Wengi walio kwenye oksijeni bado wanaweza kubebwa, muuguzi akisaidia kupanga mipira.

Ukimbeba: nepi, kofia na soksi tu, kifua kwa kifua, wima, kichwa kimegeuzwa upande na kuinuliwa kidogo ili njia ya hewa isikunjike, miguu imekunjwa kama ya chura, na kitenge kimefungwa kwa nguvu hadi chini ya sikio ili ukisinzia asiteleze. Usiku upepo wa ziwa unapoingia dirishani, mwongezee shuka mgongoni, usimtoe.

Na kama bado haruhusiwi kutoka, usikae nje ya kioo ukimwangalia kama mtoto wa watu. Nawa, pasha viganja joto, weka kimoja kichwani na kingine miguuni, tulia hivyohivyo. Usimpapase juujuu, ngozi yake ni laini mno na kupapaswa kunamshtua. Zungumza naye. Sauti yako aliizoea tumboni. Kina mama wengi wanaogopa kumgusa wakidhani watamwumiza, na hofu hiyo ikiachwa siku nyingi inakuwa ukuta. Mguso wa kwanza ndio mgumu.

Kulala pale au kwenda na kurudi

Anayekaa Bugarika au Kirumba anaona hospitali kutoka mlangoni kwake, na anajiuliza kwa nini alale kwenye benchi. Anayetoka Nansio, kisiwani Ukerewe, hana swali: meli ni saa kadhaa majini, hawezi kwenda na kurudi. Wa Sengerema na Geita mambo yamekuwa mepesi tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, hakuna tena kusubiri kivuko, lakini wepesi huo unaweza kukudanganya ukadhani kuja mara moja kwa siku kunatosha.

Kulala kuna gharama zake. Chakula cha mama ntilie kila siku, watoto wengine walioachwa kwa jirani, biashara ya dagaa iliyosimama, mgongo unaouma, kelele za mashine usiku. Sizidharau. Kwenda na kurudi kunakupa kitanda chako na kuona wengine, lakini kunakula nauli, kunakula saa za kangaruu, na usiku wa manane ukiwa nyumbani ni rahisi kuruka zamu ya kukamua kwa kuwa hakuna anayelia pembeni.

Uamuzi wangu: wiki mbili za mwanzo lala karibu, kwa namna yoyote inayowezekana. Ndizo wiki ambazo wingi wa maziwa unajijenga. Mama anayefikia kama nusu lita kwa siku kufikia siku ya 14 ana akiba ya kumkuza mtoto hadi aanze kunyonya, na aliyezembea wiki hizo hupata kazi kubwa kulirudisha titi. Kama ndugu yuko Igoma, Nyakato au Buhongwa, heri watoto wakubwa wahamie huko kwa muda kuliko wewe kuhama kutoka wodini. Kama haiwezekani kabisa, njoo mara chache lakini kaa muda mrefu: saa tano mfululizo mtoto akiwa kifuani zina faida kuliko kuingia na kutoka mara nne. Baba achukue zamu ya jioni.

Wewe uliyeajiriwa, uliza ofisini kwako kabla hujaomba ruhusa bila malipo. Marekebisho ya sheria za kazi yaliyoanza kutumika 2025 yanamwongezea likizo mama aliyejifungua njiti.

Maziwa uliyokamua nyumbani yanasafirije? Kwenye joto la Mwanza yasikae nje zaidi ya saa nne. Kwenye friji, kwa mtoto mzima aliye nyumbani hudumu hadi siku nne. Kwa aliye wodini fuata muda wa wodi yenu, ambao mara nyingi ni mfupi zaidi. Andika jina, tarehe na saa juu ya kila chombo. Njiani weka chombo kilichofungwa vizuri ndani ya themosi yenye mdomo mpana iliyojaa barafu. Mwanza barafu na madeli havikosekani, na hapo ndipo pa kuwa makini: deli lililobeba sangara kutoka Mwaloni Kirumba lisibebe maziwa ya njiti hata likioshwa mara ngapi, na barafu ya samaki isiguse mdomo wa chombo. Ukifika, mpe muuguzi mkononi, usiache juu ya meza. Maziwa ya leo yatangulie, ya juzi yafuate, kwa kuwa mabichi yana kinga nyingi kuliko yaliyogandishwa.

Siku ya kuruhusiwa ikikaribia, usiulize uzito pekee. Uliza kama umekuwa ukiongezeka siku mfululizo, kama ananyonya au kunywa kikombe bila kupaliwa, na kama joto lake linashika akiwa kifuani bila mashine. Uliza dawa za nyongeza, hasa madini ya chuma na vitamini, zianze lini na kwa kipimo gani. Kangaruu iendelee nyumbani hadi yeye mwenyewe aanze kujinyonganyonga akitaka kutoka. Tarehe ya kurudi kupimwa iandikwe kwenye kadi kabla hamjashuka getini, na anayerudi kisiwani aulize pia kituo cha afya kilicho karibu naye chenye mizani ya watoto wachanga, ili asisubiri meli ndipo ajue kama mtoto anaongezeka.